Saratani ya Uloto: Tiba Zilizopo, Madhara Yake na Namna ya Kuyakabili

Nakala ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watendaji wa kata, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wazee wa vijiji. Inachapishwa hapa kwa faida ya wakazi wote wa wilaya.



Maumivu ya mgongo ni lalamiko la kila siku katika wilaya ya wakulima. Anayelima kwa jembe la mkono, anayetua mzigo wa kuni na anayeendesha bodaboda katika barabara ya vumbi, wote huumwa mgongo, na walio wengi hupona kwa kupumzika. Kwa sababu hiyo, ugonjwa unaozungumzwa leo hupata maficho mazuri. Mgonjwa hununua vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa muhimu, hupata nafuu ya wiki mbili, kisha hurudi kununua tena. Baadaye hukandwa kwa maji ya moto na mafuta. Baadaye tena huchanjwa chale. Miezi hupita. Anapofikishwa hospitali ya wilaya, pingili za uti wa mgongo zimekwisha kubonyea, damu imepungua na figo zimechoka. Hapo ndipo jina la ugonjwa hutajwa kwa mara ya kwanza: mailoma, yaani saratani ya uloto.

Mazungumzo haya hayakusudii kumtia hofu kila mwenye kuumwa kiuno. Mailoma si ugonjwa wa kukutana nao kila siku, na mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa wake hata mmoja, au bila kujua kwamba amemwona. Lakini tiba zake zipo, zimeboreka sana katika miaka thelathini iliyopita, na zina madhara ambayo mgonjwa asipoelezwa mapema huyadhania kuwa ndiyo kifo chenyewe. Wapo wanaoacha dawa katikati kwa sababu ya ganzi ya miguu au kukosa usingizi, mambo ambayo daktari angeyapunguza kwa kubadili kipimo cha dawa tu, laiti angeambiwa.

Uloto, ambao wengine huuita uboho, ni ule ute laini uliomo ndani ya mifupa. Humo ndimo damu inamotengenezwa. Miongoni mwa chembe zinazokaa humo kuna chembe za plazma, ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya maradhi. Katika mailoma, chembe moja ya aina hiyo huasi, huzaliana bila kikomo na kuujaza uloto. Kutokana na uasi huo huja mambo manne ambayo kila mhudumu wa afya anapaswa kuyakumbuka kwa pamoja. Mifupa hulika na kuvunjika kwa urahisi. Madini ya kalsiamu yanayotoka katika mifupa hiyo hujaa katika damu na kuleta kiu, kufunga choo na kuchanganyikiwa. Chembe nyekundu hupungua, na mgonjwa huchoka na kupauka. Protini isiyo na kazi, ambayo chembe zile zilizoasi huimwaga katika damu, huziba na kuharibu figo. Na kwa kuwa kingamwili nzuri zimepungua, mgonjwa hupata nimonia na maambukizi mengine mara kwa mara.

Protini hiyo ina historia yake. Mwaka 1845, mjini London, daktari Henry Bence Jones alipelekewa mkojo wa mfanyabiashara mmoja wa vyakula aliyekuwa na maumivu makali ya mifupa. Aliona ndani yake kitu kilichoganda kilipopashwa moto kwa kiasi, kikayeyuka kilipochemshwa, kikaganda tena kilipopoa. Hadi leo protini hiyo hubeba jina lake. Jambo hili linawahusu wahudumu wa maabara kwa sababu moja: kile kijiti cha kawaida cha kupimia mkojo hutambua zaidi protini ya aina nyingine, kwa hiyo kinaweza kuonyesha kwamba mkojo ni safi ilhali figo zinaharibika. Mkojo ulio safi kwenye kijiti usimfungie mtu mlango wa vipimo vingine.

Ni nani wa kufikiriwa? Wagonjwa wengi wamevuka miaka 50, na hatari huongezeka kadiri umri unavyopanda. Uchunguzi uliofanyika Marekani umeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupata ugonjwa huu karibu mara mbili ya watu weupe. Hauambukizi. Hautokani na uchawi wala na laana ya ukoo. Mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo au mbavu yasiyoisha kwa wiki sita, maumivu yanayozidi usiku au anapojigeuza, tena akiwa na upungufu wa damu usioeleweka, huyo apimwe picha kamili ya damu, utendaji wa figo na kalsiamu, na apigwe picha ya eksirei. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hufanana sana na hali hii, nacho ni cha kawaida zaidi katika nchi yetu. Ni sahihi kukitafuta. Kosa ni kuanza dawa za kifua kikuu bila ushahidi, na kuziendeleza miezi mingi huku mgonjwa akizidi kudhoofu.

Uthibitisho hupatikana katika hospitali kubwa, kwa kupima protini za damu na mkojo kwa mashine maalumu na kwa kuchukua uloto kidogo kutoka katika mfupa wa nyonga kwa sindano. Kipimo hicho huumiza kwa dakika chache, hata kama ganzi imechomwa. Hakimfanyi mtu kuwa mgumba wala kiwete, kama inavyosemwa katika baadhi ya vijiwe.

Na sasa tiba.

La kwanza linaweza kuwashangaza wengi: wapo ambao hawapewi dawa yoyote. Ugonjwa huu huwa na hatua za awali ambapo protini isiyo ya kawaida imeonekana katika damu lakini mifupa, figo na damu ni salama. Katika hatua ya mwanzo kabisa, ni kama mtu mmoja tu kati ya 100 kila mwaka ambaye hali yake hugeuka kuwa mailoma kamili au ugonjwa wa jamii hiyo. Mtu wa namna hiyo hupimwa kwa vipindi na huachwa aendelee na maisha yake. Kumpa dawa kali mtu ambaye hajadhurika ni kumpa madhara bila faida. Daktari anayesema “tusubiri, njoo baada ya miezi mitatu” hajamtelekeza mgonjwa, na familia isikimbilie kwingine kutafuta atakayekubali kuandika dawa.

Kwa aliyekwisha kudhurika, kawaida ni kuchanganya dawa mbili au tatu zinazoshambulia ugonjwa kwa njia tofauti. Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, dawa za bortezomibu, lenalidomidi, thalidomidi na melfalani zilitajwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Kuingia katika orodha hiyo hakumaanishi kwamba dawa ipo katika kila kabati la hospitali. Kunaipa serikali sababu ya kuinunua na watengenezaji sababu ya kushusha bei, na dawa za nakala kutoka viwanda vya India zimezifanya baadhi yake zifikike kuliko zamani.

Bortezomibu huchomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, mara moja au mbili kwa wiki kwa vipindi vilivyopangwa. Huzuia chembe za saratani zisiweze kutupa taka zake za protini, nazo hujaa taka hizo na kufa. Ni dawa yenye nguvu na faida nyingine kubwa: inaweza kutumika hata kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa, na mara nyingine figo hizo huamka. Dhara lake linalosumbua zaidi ni mishipa ya fahamu. Huanza kwa kuchomachoma katika vidole vya miguu, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto, kisha ganzi hupanda. Wengine hushindwa kufunga vifungo vya shati au huangusha kikombe. Ilipokuwa ikichomwa kwenye mshipa wa damu, dhara hili lilikuwa kubwa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuichoma chini ya ngozi hupunguza tatizo bila kupunguza nguvu ya dawa. Tangu hapo njia hiyo ndiyo inayopendelewa.

Hapa pana jambo la kusisitizwa. Ganzi ikisemwa mapema, daktari hupunguza kipimo au huhamisha sindano kutoka mara mbili hadi mara moja kwa wiki, na mara nyingi hali hurudi nyuma. Ikifichwa hadi mgonjwa anaamka usiku kwa maumivu, huenda isiondoke tena. Wazee wa kiume hasa huona haya kulalamikia vidole. Mhudumu wa jamii anayemtembelea mgonjwa nyumbani asiulize tu “unaendeleaje, mzee?”, kwa maana jibu la swali hilo linajulikana: “salama”. Aulize kama anahisi baridi ya sakafu, kama kandambili humvuka bila yeye kujua, kama anaweza kuokota shilingi mezani.

Bortezomibu pia huamsha virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini tangu utotoni, na kuleta mkanda wa jeshi. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa vidonge vya asikloviri hata kama hana upele wowote. Vidonge hivyo si vya kugawana na jirani wala si vya kuacha kwa kuwa “sioni vinachotibu”. Chembe sahani za kugandisha damu hushuka vilevile kwa muda, kwa hiyo damu ya fizi au ya pua isidharauliwe.

Thalidomidi ina sifa mbaya iliyo ya haki. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na kina mama wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Hadi ilipoondolewa sokoni kuanzia mwishoni mwa 1961, watoto wanaokadiriwa kupita 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamezaliwa na mikono au miguu mifupi au bila viungo hivyo kabisa. Ikarudi kwa mlango wa nyuma kama tiba ya wagonjwa wa ukoma wenye uvimbe mkali, na mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba inapunguza mailoma kwa wagonjwa waliokwisha kushindwa na dawa nyingine. Ni dawa ya vidonge na ni ya bei nafuu ukilinganisha na nyingine, ndiyo maana bado hutumika sana katika nchi zenye kipato kidogo. Huleta usingizi mzito, kwa hiyo humezwa wakati wa kulala. Hufunga choo. Huleta ganzi, na ganzi yake hubaki muda mrefu kuliko ya bortezomibu.

Lenalidomidi ni ndugu yake wa baadaye, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya mailoma mwaka 2006. Haileti usingizi na ganzi kwa kiasi kile, ila hushusha chembe za damu, huleta kuharisha na vipele, na kipimo chake lazima kipunguzwe kwa mwenye figo dhaifu. Kwa wachache, miaka kadhaa baadaye, saratani nyingine huweza kutokea. Madaktari huwaeleza wagonjwa hilo waziwazi, na bado faida huzidi.

Dawa hizi mbili zina hatari za pamoja. Ya kwanza ni kwa mimba. Mwanamke anayeweza kupata ujauzito hapewi bila kupimwa na bila njia thabiti za uzazi wa mpango, na mwanamume anayezitumia avae kondomu, maana dawa huingia katika manii. Mwenye mimba asizishike wala asizifungue. Kopo lisiachwe juu ya kabati penye watoto, na vidonge vilivyobaki baada ya mgonjwa kufariki virudishwe hospitalini. Visitunzwe “kwa ajili ya mwingine”. Hatari ya pili ni damu kuganda katika mishipa ya miguu au mapafu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, safari ya hospitali ni siku hiyo hiyo. Kwa kinga, wengi hupewa aspirini kidogo au dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.

Karibu kila mchanganyiko huwa na deksamethasoni. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, inayojulikana hadi katika zahanati, na labda kwa sababu hiyo madhara yake hayaheshimiwi. Huua chembe za mailoma yenyewe, lakini hupandisha sukari na shinikizo la damu, huchoma tumbo, hufukuza usingizi, hushusha kinga na kubadili tabia. Baba mpole huweza kugombana na nyumba nzima siku ya dawa, na siku inayofuata akalia bila sababu. Familia isiyojua hudhani ni kiburi au ni pepo. Ni dawa. Imezwe asubuhi, baada ya chakula, na mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara zaidi. Katika maeneo yetu yenye minyoo inayopenya kwenye ngozi ya miguu, daktari huenda akatoa dawa ya minyoo kabla ya kuanza, kwa sababu aina moja yake huzaliana kwa kasi ya kuua pale kinga inaposhushwa na dawa hii.

Zamani iliaminika kwamba deksamethasoni nyingi ni bora. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 uliwagawa wagonjwa waliokuwa wakipata lenalidomidi katika makundi mawili: wengine walipewa deksamethasoni kwa wingi, wengine mara moja tu kwa wiki. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai katika kundi la dawa nyingi walikuwa asilimia 87, na katika kundi la dawa kidogo asilimia 96. Tangu hapo kipimo cha kawaida kimekuwa miligramu 40 mara moja kwa wiki, na kwa wazee waliovuka miaka 75 mara nyingi 20. Takwimu hizo ziwafikie wale wanaoogopa kumwambia daktari kwamba dawa imewazidi, kwa kudhani kwamba kupunguziwa ni kukatiwa tamaa.

Melfalani na siklofosfamidi ni dawa za kemikali za aina ya zamani zaidi. Melfalani kwa vidonge, pamoja na dawa jamii ya deksamethasoni, ndiyo iliyokuwa tiba kuu kuanzia miaka ya 1960, na kwa mzee asiyeweza kusafiri mbali bado ni tiba ya heshima. Hushusha chembe za damu na huleta kichefuchefu. Siklofosfamidi huweza kuuma kibofu, kwa hiyo maji mengi ni sehemu ya dozi.

Kwa mgonjwa mwenye nguvu, ambaye kwa kawaida hajavuka miaka 65 au 70, upo upandikizaji wa uloto. Jina hilo limeleta hofu isiyo ya lazima, kwa kuwa wengi hufikiri ni lazima ndugu atolewe uloto. Kwa mailoma, mara nyingi sana mgonjwa hupandikizwa chembe zake mwenyewe. Baada ya miezi michache ya dawa, chembe mama za damu hukusanywa kutoka katika mshipa wa mkono kwa mashine, huhifadhiwa katika baridi, kisha mgonjwa hupewa melfalani kwa kipimo kikubwa mno ambacho kingeua uloto wote. Halafu chembe zake hurudishwa, nazo huota upya ndani ya wiki mbili hivi. Katika muda huo hana kinga. Kinywa hujaa vidonda hadi kumeza mate huwa kazi, nywele hudondoka, kuharisha huja. Kunyonya vipande vya barafu wakati melfalani inaingia hupunguza vidonda hivyo. Ni njia ya bei ya maji. Upandikizaji hauondoi ugonjwa daima, bali hurefusha kipindi cha utulivu, mara nyingi kwa miaka. Katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma zimeanza huduma ya kupandikiza uloto, jambo ambalo kabla ya hapo lilimaanisha safari ya India. Zipo pia dawa mpya zaidi, kama daratumumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, na tiba ya kufundisha chembe za kinga za mgonjwa zishambulie saratani. Bei yake bado iko mbali na wananchi wengi.

Mifupa ina tiba yake. Asidi zoledroniki, inayotolewa kwa dripu, huzuia mifupa isilike. Siku ya kwanza au ya pili huleta homa na maumivu ya mwili kama ya malaria, yanayopita. Dhara lake la ajabu ni taya: mfupa wa taya huweza kufa, hasa baada ya kung’oa jino. Kwa hiyo meno mabovu yang’olewe kabla ya dawa kuanza, na anayeitumia asing’olewe jino na yeyote kabla ya kuonyesha kadi yake. Mionzi hutumika pale mfupa mmoja unapouma sana. Mara nyingi siku moja ya mionzi hutosha kutuliza. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando ya Mwanza hutoa tiba hiyo.

Na maumivu yatulizwe. Morfini ya maji inayonywewa ni dawa halali, inayotolewa na vituo vyenye huduma ya tiba shufaa. Kumpa mgonjwa wa saratani morfini si kumfanya teja wala si kumharakisha kufa. Itafunga choo, bila shaka, basi dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyo hiyo. Dawa isiyofaa ni ile iliyotajwa mwanzoni: diklofenaki, pamoja na ibuprofeni na ndugu zake. Kwa mgonjwa wa mailoma hizo huweza kuzima figo kwa siku chache. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wanaombwa kulisikia hili kwa uzito wake. Anayerudi mara ya tatu kununua dawa ya mgongo aelekezwe zahanati. Dawa za mitishamba zisizojulikana nazo zitajwe kwa daktari bila kuona haya. Hata chai ya kijani yenye nguvu, inayosifiwa mitandaoni, imeonekana katika maabara kuzuia kazi ya bortezomibu.

Yapo mambo matatu yasiyongoja kesho. Homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa anayetumia dawa hizi: asimeze dawa ya malaria akalala, apelekwe hospitali akapimwe na kuanzishiwa dawa za bakteria mapema. Miguu kulegea ghafla au mkojo kukataa kutoka: uti wa mgongo unabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama atatembea tena. Kuchanganyikiwa pamoja na kiu kali na kutapika: kalsiamu imejaa, na hilo hutibika kwa maji ya dripu na dawa.

Gharama ndiyo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini. Nauli ya mara kwa mara na malazi ya anayemsindikiza mgonjwa humaliza ng’ombe wa familia hata kabla ya dawa kuhesabiwa. Wenye bima waulize mapema, kabla ya safari, ni dawa zipi zinazolipiwa na kwa kibali kipi. Wasio na uwezo wamwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali husika, wakiwa na barua ya serikali ya kijiji inayoeleza hali yao. Barua hiyo iandikwe kwa ukweli na bila kutozwa fedha. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: dawa hii itanisaidia kwa kiasi gani, itaniumiza wapi, ipo nyingine, na nikichagua kutuliza maumivu tu nitaishi vipi? Mailoma kwa kawaida haiponi kabisa. Hutulia, hurudi, hutibiwa tena. Mzee wa miaka 80 anayechagua vidonge na morfini nyumbani kwake, baada ya kuelezwa yote, hajakosea, na watoto wake wa mjini wasimlaumu aliyebaki naye.

Mwisho, maandalizi ya rufaa. Bahasha ya mgonjwa iwe na picha zake zote za eksirei, majibu ya damu yenye tarehe, na orodha ya kila dawa aliyomeza, pamoja na zile za dukani na za mganga wa kienyeji. Msindikizaji awe mtu atakayekuwepo pia nyumbani siku za dawa, ili maelezo ya daktari yamfikie mhusika. Ndani ya gari mgonjwa akae kiti cha mbele au alazwe juu ya godoro, maana mashimo ya barabara yanatosha kumvunja mbavu. Nyumbani asikandwe mgongo wala asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono. Anywe maji lita mbili hadi tatu kwa siku, isipokuwa daktari amemzuia, na mkeka unaoteleza mlangoni uondolewe.